Kujua kundi lako la damu ukiwa Mtwara au Lindi: njia tano, na kila moja na mtu wake

Dada yangu ana kadi mbili zinazobishana. Ya kwanza aliipata akiwa sekondari, siku waliyokuja watu na meza yao kupima wanafunzi, na imeandikwa O hasi. Ya pili ni kadi ya kliniki ya mimba yake ya kwanza kule Newala, na imeandikwa O chanya. Kwa wiki mbili nyumbani hapakulalika. Mama alikuwa amesikia sokoni kwamba mwanamke mwenye damu hasi hazai mtoto wa pili akapona. Shemeji akawa anapiga simu huku na huku kuulizia sindano ambayo hakujua hata jina lake. Mwishowe damu ilichukuliwa mara mbili, kwa siku mbili tofauti, ikapimwa kwa tyubu, na mara zote mbili jibu likawa O chanya. Mtaalamu wa maabara alitueleza kwa upole kwamba huenda dawa ya kupimia iliyotumika siku ile shuleni ilikuwa imepungua nguvu kwa joto.

Tangu hapo, ndugu na jirani wananiuliza mimi: nikapime wapi, na kwa njia gani? Huwa nashindwa kujibu kwa neno moja, kwa sababu anayeuliza mara nyingi hajajiambia mwenyewe anataka kujua nini hasa. Nimeweka hapa njia tano ambazo mtu wa mikoa yetu miwili anaweza kukutana nazo, nikizipima kwa mizani ileile.

Mizani yenyewe

Kwanza ni swali. Mwendesha bodaboda anataka kujua kundi lake liandikwe kwenye kitambulisho, mjamzito anataka kujua kama damu yake ni hasi, na mume ana shaka moyoni kuhusu mtoto. Haya ni maswali matatu na hayana kipimo kimoja.

Pili ni uhakika: njia inaangalia upande mmoja wa damu au pande zote mbili, na kuna mtu wa pili anayehakiki jibu au hakuna.

Tatu ni gharama na safari, maana nauli ya kutoka Liwale au Nanyumbu hadi mjini si jambo dogo, na siku moja ya shamba ikipotea msimu wa korosho haifidiwi. Nne ni karatasi inayobaki mkononi na uzito wake siku ya dharura.

Kuhusu hiyo karatasi, niseme mapema. Hakuna kadi yoyote duniani itakayofanya hospitali inayofuata taratibu ikuongezee damu bila kukupima upya. Watachukua sampuli yako, watapima kundi, kisha watachanganya damu yako kidogo na ile ya chupa waone kama zinapatana. Kadi inaokoa muda wa kutafuta wachangiaji na inamzindua daktari kama kuna jambo la pekee. Kazi yake inaishia hapo.

Kidogo kuhusu damu, ili tuelewane

Mwaka 1901, mjini Vienna, Karl Landsteiner alichapisha matokeo ya kuchanganya damu yake na ya wenzake wa maabara. Aliona damu nyingine zinapatana na nyingine zinashikana mabongemabonge. Humo ndimo yalimotoka makundi A, B na O, na AB likaongezwa na wenzake mwaka 1902. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930, na siku yake ya kuzaliwa, Juni 14, ndiyo dunia inaadhimisha Siku ya Wachangia Damu. Ile chanya na hasi ilikuja baadaye, mwaka 1940, aliposhirikiana na Alexander Wiener kueleza kundi la Rh.

Tofauti ya A na B ni sukari ndogo iliyopachikwa juu ya chembe nyekundu. Mwenye A ana sukari ya aina moja, mwenye B ya aina nyingine, AB anazo zote mbili, na O hana hata moja. Kilicho muhimu kwa upimaji ni upande wa pili: katika maji ya damu kuna kingamwili za kupinga sukari usiyokuwa nayo. Mwenye A ana kinga dhidi ya B, mwenye O ana kinga dhidi ya zote mbili. Kwa hiyo damu inaweza kuulizwa mara mbili, mara moja kwenye chembe na mara moja kwenye maji yake, na majibu hayo mawili lazima yapatane. Hiki ndicho kitu kinachotenganisha kipimo cha haraka na kipimo cha kutegemewa.

Rh haina huo uhakiki wa pande mbili. Mtu wa damu hasi hazaliwi na kinga dhidi ya chanya. Huipata baada ya kukutana na damu chanya, kwa kuongezewa damu au kwa kubeba mimba. Ndiyo maana kosa la chanya na hasi hujificha kwa urahisi kuliko kosa la A na B.

Njia ya kwanza: kuchangia damu

*Inavyofanyika.* Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004, na kituo cha Kanda ya Kusini kiko Mtwara. Hospitali nazo zina watu wao wa kukusanya damu. Unahojiwa kuhusu afya yako, unapimwa uzito, presha na wingi wa damu, kisha unatoa takriban mililita 450. Anayekubaliwa ni mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na hemoglobini isiyopungua gramu 12.5. Mjamzito na anayenyonyesha hawachangii.

*Uhakika.* Mkubwa, kwa sababu jibu lako halikuhusu wewe peke yako: chupa ile inakwenda kwa mgonjwa. Damu hupimwa kundi na hupimwa pia virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Ukirudi kuchangia mara ya pili, kundi linapimwa tena, na hapo una majibu mawili ya siku mbili tofauti. Hicho ndicho tulichokihangaikia sisi kwa dada kwa wiki mbili.

*Gharama na safari.* Hulipi kitu. Timu huzunguka pia mashuleni, vyuoni, misikitini na makanisani, kwa hiyo mara nyingine kipimo kinakufuata ulipo. Ubaya wake ni kwamba jibu halitoki palepale. Uliza siku hiyohiyo utalipata lini na kwa nani.

*Karatasi.* Kadi ya mchangiaji, ambayo kwa maoni yangu ni nzuri kuliko zote kwa mtu mzima mwenye afya, kwa kuwa ina historia ndani yake.

*Inamfaa nani.* Kijana, mwalimu, mvuvi, mkulima, yeyote mwenye afya asiye na haraka. Na huku kwetu damu inahitajika kweli. Watoto wenye malaria kali huishiwa damu kwa siku chache, na kina mama huvuja damu baada ya kujifungua. Shule zikifungwa, wachangiaji hupungua, maana wanafunzi ndio sehemu kubwa ya wanaochangia.

Angalizo moja, nalisema kwa msisitizo: usichangie damu ili upate kujua kama una virusi vya UKIMWI. Aliyeambukizwa siku za karibuni anaweza kupimwa asionekane, na damu yake ikamfikia mtoto wa mtu. Kama hilo ndilo swali lako, nenda kwenye ushauri nasaha. Ni bure na ni siri yako.

Njia ya pili: maabara ya hospitali au kituo cha afya

*Inavyofanyika.* Hapa lazima niingie ndani kidogo, kwa sababu watu husema "nimepima hospitali" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe kuna vipimo viwili vinavyotofautiana.

Cha kwanza ni cha kigae au kioo. Matone ya damu yako huwekwa kwenye kigae cheupe, kila tone likachanganywa na kitendanishi chake, yaani dawa ya kupimia: cha A huwa na rangi ya bluu, cha B njano, na cha D, kinachoonesha chanya au hasi ya Rh, hakina rangi. Kigae kinatikiswa taratibu na kusomwa ndani ya dakika mbili. Penye mabonge, sukari ile ipo. Palipobaki laini kama uji, haipo. Ni kipimo cha haraka na kinafaa pasipo umeme. Lakini damu ikianza kukauka pembeni hufanya chembechembe zinazofanana na mabonge, na mpimaji mwenye foleni ya watu arobaini anaweza kudanganyika. Halafu vitendanishi vinatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Anayejua joto la Mtwara mwezi wa kumi na mbili, na umeme unavyoweza kukatika, ataelewa kwa nini nasisitiza hili.

Cha pili ni cha tyubu. Chembe zako huoshwa, huchanganywa na kitendanishi ndani ya tyubu, na mashine huzungusha ili zile zinazotaka kushikana zishikane barabara. Hapa mabonge madogo ambayo kigae kingeyakosa huonekana. Tena maji ya damu yako hupimwa dhidi ya chembe za A na za B zinazojulikana, yaani lile swali la pili nililolitaja. Majibu yakipishana, mtaalamu husimama na kurudia. Kwa Rh, damu inayoonekana hasi inaweza kupelekwa hatua moja zaidi, kuwekwa kwenye joto la mwili na kuongezewa kitendanishi kingine, ili kugundua wale wenye chanya dhaifu.

*Uhakika.* Kigae ni mwanzo mzuri, tyubu ndiyo ya kutegemea. Mambo matatu huvuruga hata tyubu. Mtoto mchanga bado hajatengeneza kingamwili zake, na hata sukari zake ni dhaifu, kwa hiyo jibu lake la siku ya kuzaliwa lirudiwe akikua. Aliyeongezewa damu ndani ya miezi mitatu iliyopita ana damu ya watu wawili mwilini, awaambie mapema. La tatu ni la kibinadamu: jina. Makosa mengi makubwa ya damu duniani hutokana na tyubu ya mtu mmoja kubandikwa jina la mwingine, na huku kwetu kwenye kina Somoe na kina Hamisi wengi hilo si jambo la kubahatisha. Sema majina yako matatu, na uangalie tyubu ikiandikwa mbele yako kabla hujanyanyuka kitini.

*Gharama na safari.* Kwa Mtwara kuna Ligula na hospitali ya kanda pale Mitengo, Masasi kuna Mkomaindo, na kuna Ndanda ya wamisionari. Kwa Lindi kuna Sokoine mjini na Nyangao njiani. Hospitali za wilaya na vituo vingi vya afya navyo hupima. Malipo hutofautiana kati ya kituo na kituo, na kwa kawaida si makubwa. Uliza dirishani kabla. Mjamzito hapaswi kulipia kipimo hiki katika kituo cha serikali, maana kimo ndani ya huduma za kliniki za hudhurio la kwanza.

*Karatasi.* Cheti cha maabara au kadi ya kliniki. Omba iandikwe tarehe na njia iliyotumika. Ni haki yako kuuliza, "Mmepima kwa kigae au kwa tyubu?" Wataalamu wa maabara wengi hufurahi kuulizwa swali hilo, kwa sababu ni mara chache mtu huwatambua kwamba wana kazi ya utaalamu.

*Inamfaa nani.* Mjamzito, mgonjwa, anayejiandaa kwa upasuaji, na kila ambaye majibu yake mawili yanapingana.

Njia ya tatu: kadi ya kupimia nyumbani

*Inavyofanyika.* Ni kadi ngumu yenye miduara, na kwenye kila mduara kitendanishi kimekaushwa. Unaweka tone la maji, unajitoboa kidole, unasambaza damu kwa kijiti, unainamisha kadi huku na huku. Mduara wa mwisho ni wa kuhakiki: ukionesha mabonge, kadi nzima haina maana, tupa.

*Uhakika.* Kanuni yake ni ileile ya kigae, kwa hiyo na udhaifu wake ni uleule, ila hapa msomaji ni wewe. Kingamwili za kwenye maji ya damu haziulizwi kabisa. Soma kwenye pakiti kiwango cha joto kinachoruhusiwa na tarehe ya mwisho. Pakiti iliyosafiri juu ya basi kutoka Dar es Salaam kwenye jua ni ya kutiliwa shaka.

*Gharama na safari.* Unaokoa nauli lakini unalipia kadi, ambayo wengi huiagiza mbali.

*Inamfaa nani.* Mwalimu wa baiolojia anayetaka kuwaonesha wanafunzi jambo hai, au mdadisi. Inamfaa pia mtu anayeogopa hospitali na ambaye hii itakuwa hatua ya kwanza ya kumtoa nyumbani. Kwa mjamzito, hapana. Na sindano ya kujitobolea ni ya mtu mmoja, mara moja, hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Njia ya nne: kukokotoa kwa wazazi

*Inavyofanyika.* Huu ndio upimaji wa barazani. "Baba yako A, mama yako O, basi wewe ni A." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine hapana, na hapa ndipo watu wanaumizana.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya kundi la damu, moja ya baba na moja ya mama, kwenye kromosomu ya 9. Huku kusini tunajua koo zinazofuata upande wa mama, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua. Lakini jeni hii haiulizi ukoo. Hupokea kwa baba moja na kwa mama moja, sawasawa. Felix Bernstein alilionesha hilo kwa hesabu mwaka 1924. Jeni ya A na ya B zote hujitokeza zikiwepo. Ya O hunyamaza, kwa kuwa kwa kawaida imepoteza herufi moja tu katika maandishi yake na haiwezi tena kutengeneza kile kinachopachika sukari.

Kwa hiyo mtu wa A anaweza kuwa amebeba O iliyofichika. Akioana na mtu wa B naye aliyeficha O, watoto wao wanaweza kuwa A, B, AB au O, nyumba moja, baba mmoja, mama mmoja. Wazazi wawili wa A wanaweza kuzaa O. Wazazi wawili wa O huzaa O. Mzazi AB akiwa na mwenzake O, watoto ni A au B, na hakuna hata mmoja anayefanana kundi na mzazi wake! Upande wa Rh, ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu ya 1, wazazi wawili chanya wanaweza kuzaa hasi, wakati wawili hasi kwa kawaida huzaa hasi.

*Uhakika.* Hesabu hii inaweza kukuambia kisichotarajiwa. Haiwezi kukuambia kilichopo, isipokuwa kwa wazazi wawili wa O. Na hata kisichotarajiwa kina milango ya nyuma. Mwaka 1952 madaktari wa Bombay, India, walieleza watu wanaoonekana O kwenye kigae ilhali wamebeba jeni ya A au B. Wanakosa msingi ambao sukari hizo hupachikwa juu yake. Mzazi wa namna hiyo anaweza kuzaa mtoto wa B na watu wakanyoosheana vidole bure. Ni nadra sana. Kadi iliyokosewa, kama ya dada yangu, si nadra kiasi hicho.

*Gharama na safari.* Bure, na hapo ndipo hatari ilipo.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi anayejifunza urithi, au familia inayotaka kujua nani huenda akafaa kumchangia nani kabla ya kwenda kupimwa. Haimfai mume anayetafuta ushahidi. Nimeona mwanamke akirudishwa kwao na mtoto mgongoni kwa sababu karatasi ya mtoto ilisema B, na hakuna aliyewaza kurudia kipimo cha yeyote kati ya watatu. Ndugu yangu, karatasi moja ya kigae haina uzito wa kubeba ndoa.

Njia ya tano: vinasaba

*Inavyofanyika.* Badala ya kuangalia chembe, maabara husoma jeni yenyewe, kutoka kwenye mate, shavu la ndani au damu. Jeni ya makundi ya ABO ilisomwa kwa mara ya kwanza mwaka 1990.

*Uhakika.* Mkubwa, lakini kwa Mwafrika kuna la kuangalia. Wazungu wengi wenye damu hasi wamekosa kabisa jeni ya D, kwa hiyo vipimo vya mwanzo vilitafuta tu kama jeni ipo au haipo. Mwaka 2000 watafiti walieleza kwamba karibu theluthi mbili ya Waafrika wenye damu hasi waliowapima wanayo jeni ya D, ila imeingiliwa na herufi 37 za ziada na haifanyi kazi. Kipimo kisichojua hilo kingewaita chanya. Ukinunua huduma ya vinasaba kutoka nje, hili ni la kuuliza kabla ya kutoa fedha.

*Gharama na safari.* Ndiyo njia ghali kuliko zote hapa, na majibu huchukua muda. Kwa kujua kundi tu, ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mchuzi wa mtu mmoja. Kwa suala la uzazi ni jambo jingine: hapa nchini vipimo hivyo viko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na vinaongozwa na sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Maombi hupitia mamlaka zinazotambuliwa, kama mahakama au ustawi wa jamii.

*Karatasi.* Ripoti yenye nguvu kisheria kwa suala la uzazi. Kwa daktari wa zamu usiku, haina faida kuliko tyubu.

*Inamfaa nani.* Wenye mgogoro wa uzazi ambao wameshazungumza na kushindwa, na wagonjwa wachache wanaoongezewa damu mara kwa mara, ambao damu yao imekuwa vigumu kuilinganisha.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Kama wewe ni mzima na unataka tu kujua, changia damu. Ukishachangia mara mbili na kundi likawa lilelile, liandike kwenye karatasi ndogo nyuma ya kitambulisho chako pamoja na tarehe.

Kama ni mjamzito, nenda kliniki mapema na uulize kundi na Rh kwa majina. Ukiambiwa hasi, omba lihakikishwe kwa tyubu, na mwenzako naye apimwe. Naye akiwa hasi, kwa kawaida mtoto atakuwa hasi na hofu inaisha. Akiwa chanya, uliza tangu sasa kuhusu sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kutengeneza kinga dhidi ya damu chanya ya mtoto, kwa kuwa si kila kituo huwa nayo. Hutolewa karibu na wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto chanya. Mimba ikiharibika, nayo inahesabika. Mtoto wa kwanza mara nyingi hana shida, anayelindwa hasa ni anayefuata. Yale mama aliyoyasikia sokoni yalikuwa na chembe ya ukweli wa zamani, wa kabla ya sindano hii kuanza kutumika mwaka 1968.

Kama unajiandaa kuoa au kuolewa na mtu kakwambia mpime makundi ya damu, huenda anachotaka ni kipimo cha selimundu (sikoseli). Ni vitu viwili tofauti. Mtu wa O chanya anaweza kubeba selimundu, na wa AB hasi asibebe. Taja kipimo kwa jina lake dirishani, la sivyo utalipia kimoja na kurudi nyumbani ukidhani umepata kingine.

Kama mna shaka kuhusu mtoto, hatua ya kwanza ni kurudia kipimo cha wote watatu kwa tyubu, mtoto akiwa ameshavuka miezi sita. Bado hakijapatana? Nendeni ustawi wa jamii, na njia ya vinasaba ifuate. Katikati ya hatua hizo mbili, mtoto aendelee kula na kulala palepale alipokuwa.

Kama una kadi mbili zinazopingana, usichague ile inayokupendeza. Peleka zote mbili maabara yenye tyubu, damu ichukuliwe kwa siku mbili tofauti. Ikishathibitika, fanya alivyofanya dada: alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya ile O hasi ya shuleni, akaandika pembeni tarehe mpya na neno "tyubu", na kadi zote mbili zikabanwa pamoja kwa pini.